Kuku anayeatamia na mama anayenyonyesha

Ukipita vijiji vya Kibiti hukosi kumwona kuku wa kienyeji akiatamia. Amejikunyata juu ya mayai, ukimsogelea anatimua manyoya na kukudonoa. Hatagi tena. Wengi husema ana hasira, kumbe ni kazi ya ubongo.

Mayai yanapogusa ngozi ya tumbo lake, mishipa ya fahamu hupeleka taarifa kwenye ubongo. Tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, iitwayo pituitari, humwaga homoni ya prolaktini kwa wingi. Homoni hiyo humtuliza kiotani kwa siku 21 na kusimamisha utagaji. Ukimwondolea mayai na kumzuia asirudi kiotani, prolaktini hushuka, na baada ya muda anaanza kutaga tena.

Mzazi mwenzangu, homoni hiyo hata wewe unayo. Mtoto anaponyonya, taarifa hufika kwenye ubongo wa mama, prolaktini hupanda na maziwa hutengenezwa. Wakati huohuo ubongo hupunguza homoni zinazopevusha mayai ya uzazi. Ndiyo maana kina mama wengi husema, "Nanyonyesha, siwezi kushika mimba."

Kauli hiyo ni kweli kwa masharti matatu, na yote yawepo pamoja: mtoto hajafikisha miezi 6, hedhi haijarudi, na mtoto ananyonya maziwa ya mama pekee, mchana na usiku, bila kukaa zaidi ya saa 4 mchana au saa 6 usiku. Hapo kinga huzidi asilimia 98.

Sasa fikiria mama anayekwenda shamba la mpunga tangu alfajiri. Mtoto wa miezi minne anabaki na bibi, anapewa uji. Kunyonya kunapungua, na ubongo wa mama unapokea taarifa kama ya kuku aliyeondolewa mayai. Yai linaweza kupevuka kabla hata hedhi ya kwanza haijaonekana.

Kwa hiyo usisubiri hedhi. Shirika la Afya Duniani linashauri mama apumzike angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kutafuta mimba nyingine. Siku ya chanjo ya mtoto, muulize mhudumu njia ya uzazi wa mpango inayomfaa anayenyonyesha. Kwa mama wa delta anayeifuata kliniki kwa boti, swali hilo lisingoje safari nyingine.