Kuhama Klarineti Hakumaanishi Umeshindwa

Kwenye bendi nyingi za shule, mwanafunzi akiacha klarineti akachukua tarumbeta, wenzake wanajua maelezo tayari: ameshindwa. Mimi nasoma ualimu, na nilihama hivyo hivyo nikiwa kidato cha tatu. Naona tunawafundisha watoto vibaya kabisa kuhusu jambo hili.

Kilichonihamisha ni kijiti. Klarineti inapulizwa kupitia kipande chembamba cha mwanzi, na kile kitu kinapasuka, kinachoka, kinaota ukungu. Kikipasuka, ala nzima inakuwa bubu. Shuleni kwetu viliisha, na ombi la kununua vingine likalala ofisini muhula mzima. Tarumbeta halitaki kijiti. Linataka midomo yako, pumzi, na mafuta kidogo ya vibonyezo. Sasa mtoto anayehama kwa sababu shule haina fungu la muziki, ameshindwa nini hasa?

Halafu kuna la jinsia, ambalo linanikera zaidi. Wasichana tunapangiwa filimbi na klarineti, wavulana wanapewa ala za shaba. Nilipoomba tarumbeta lililokuwa linapigwa vumbi stoo, niliambiwa litaniharibu midomo. Midomo ipo, asanteni. (Na huo mgawanyo wa mbao na shaba wala haufuati malighafi: saksafoni, ambayo Adolphe Sax aliipatia hataza Ufaransa mwaka 1846, ni shaba mwili mzima lakini inahesabiwa kundi la mbao, kisa kijiti.)

Sisemi kuhama ni rahisi. Kwenye klarineti vidole vina kazi kubwa: unafungua tundu, sauti inabadilika. Tarumbeta lina vibonyezo vitatu tu, na bila kugusa hata kimoja unaweza kutoa do, so, do ya juu, mi na so yake. Kinachoamua ni midomo na pumzi. Nilizoea kusahihishwa vidole. Ghafla nikawa nasahihishwa uso. Wiki za mwanzo, dakika 15 tu na misuli ya pembeni mwa mdomo inatetemeka, sauti inatoka kama mbuzi mgonjwa. Mwalimu asiyejua hilo atamwita mtoto mvivu. Lakini pumzi niliyojenga kwenye klarineti haikupotea, wala sikio, wala usomaji wa noti. Tena klarineti ya kawaida na tarumbeta la kawaida zote ni za B-flati, kwa hiyo noti nilizisoma vilevile.

Kwa hiyo wenzangu tunaokwenda mazoezi ya kufundisha: ukikuta bendi shuleni, uliza kwanza nani amekaa benchi na kwa nini. Kama kuna mtoto wa klarineti asiye na kijiti na kuna tarumbeta stoo, mpe, awe msichana au mvulana. Mpangie dakika chache kila siku badala ya saa mbili za Jumamosi, maana midomo ikishachoka hakuna anachojifunza. Na usimtupie wimbo mzima mapema. Mimi kwenye gwaride langu la kwanza na tarumbeta nilipewa sauti ya tatu, noti sita tu zinazojirudia, na nilizipuliza zote.