Kabla Mama Hajatoa Damu

Mwaka 1997 Dennis Lo na wenzake walionyesha kuwa ndani ya damu ya mjamzito huelea vipande vya vinasaba vya mtoto aliye tumboni. Kwa ugunduzi huo, leo mama mwenye mimba ya wiki 10 hutolewa damu mkononi tu, na maabara ikakadiria kama mtoto ana kromosomu ya 21 ya ziada, ile inayoleta hali ya Down. Zamani, aliyetaka kusomewa vinasaba vya mwanawe alichomwa sindano tumboni, na mimba chache ziliharibika kwa sababu hiyo. Hatua hii ni kubwa, nasi tunaifurahia.

Ila kipimo hiki hukadiria, hakithibitishi. Vipande vinavyosomwa hutoka hasa kwenye kondo la nyuma, na kondo huweza kuwa na kasoro ambayo mtoto hana. Halafu kuna hesabu. Tuseme wajawazito 10,000 wenye umri mdogo wamepimwa, na 10 kati yao wamebeba mtoto mwenye hali ya Down. Kipimo kikiwabaini wote 10, lakini kikakosea mara moja tu kwa kila 1,000 wasio na tatizo, kitawatia hofu wengine wapatao 10 bure. Nusu ya walioambiwa kuna hatari hawana lolote, na kipimo chenyewe ni kizuri sana! Ndiyo maana sindano ya kuchota maji ya uzazi bado inahitajika: hiyo ndiyo inayothibitisha.

Mjamzito anayekabidhiwa karatasi ya majibu bila kuelezwa haya ameonewa. Na aelezwe kabla hajatolewa damu, angali na nafasi ya kusema hataki kujua.

Kwetu Afrika Mashariki, kati ya magonjwa ya kurithi, selimundu ndiyo inayotuelemea zaidi, nayo haingoji mitambo ya gharama. Kipimo cha kawaida cha damu huonyesha kama mume na mke wote ni AS, yaani kila mmoja amebeba kinasaba kimoja cha selimundu bila kuugua. Wakiwa hivyo, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mgonjwa. Tanzania pekee huzaliwa watoto wapatao 11,000 wa namna hiyo kila mwaka. Kipimo hicho kingetangulia kufika kliniki zetu za wajawazito.

Wakunga na wauguzi mnaotusoma, mama akiwauliza majibu yake yana maana gani, mfanyieni hesabu hizi polepole, na mumewe aitwe asikie.