Angalia Dawa za Shosho Kwanza

Watu wangu, leo tuongee kuhusu shosho na vile vidonge vya njano vya mafua.

Mzee akianza kuchanganya majina ama kuuliza swali moja mara tano, sisi huwa na majibu mawili: "ni uzee tu" ama "huyu ana mambo yake." Hilo la pili limeua watu. Kilifi na Kisii, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Mimi nasema hivi: kabla hujamhukumu mtu, angalia anameza nini.

Mimi si daktari, hata chuo niliacha njiani, lakini hii si ngumu. Seli za ubongo hutumiana ujumbe kwa kemikali. Kemikali inavuka kinafasi kidogo kinachoitwa sinapsi, inaingia kwenye kipokezi upande wa pili kama ufunguo kwa kufuli. Mojawapo, asetilikolini, inasaidia kumbukumbu na umakini. Ukizeeka, mfumo huo unadhoofika. Bado unafanya kazi, ila hauna akiba.

Sasa mpe huyo mzee klorofeniramini, ile tunaita Piriton. Inatuliza mzio, sawa, lakini pia inaziba vipokezi vya asetilikolini. Wewe wa miaka 22 utasinzia tu. Shosho wa miaka 78, ambaye mwili wake unaondoa dawa polepole, anaweza kuchanganyikiwa, kushindwa kukojoa, ama kuanguka usiku.

Na hii si siri. Marekani wana orodha ya Beers, iliyoanza 1991, ya dawa ambazo wazee wanafaa kuepushwa nazo. Antihistamini hizi za zamani zimo. Lakini hapa kwetu unaingia kemisti, unanunua vidonge kumi, na mara nyingi hakuna anayekuuliza mgonjwa ana miaka mingapi. Swali moja tu, jameni! Hilo ndilo linaniudhi.

Sisemi kila kusahau kunaletwa na dawa. Na tafadhali, usimwachishe mtu dawa ghafla juu ya maneno yangu. Ukienda ushago wikendi hii, kusanya kila pakiti anayotumia, hata za kienyeji, upeleke kwa daktari ama mfamasia. Muulize: kuna yoyote hapa inayoweza kumvuruga akili?

Huenda jibu likawa hapana. Lakini likiwa ndiyo, utakuwa umemrudisha shosho wako, na pengine umemwokoa na midomo ya kijiji.