Vyanzo vya utafiti vihojiwe kabla ya kunukuliwa

MWANAFUNZI anayetafiti mmomonyoko wa udongo Kivaa, Kaunti ya Machakos, hukumbana na ushahidi unaokinzana. Mnamo 1937, afisa wa serikali ya kikoloni, Colin Maher, aliripoti kwamba ardhi ya Ukambani ilikuwa ikiangamia. Mnamo 1994, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kilichoonyesha kuwa kati ya 1930 na 1990 watu wa Machakos waliongezeka takriban mara tano, ilhali mmomonyoko ulipungua kutokana na matuta ya wakulima. Baadaye, wasomi wengine walihoji iwapo manufaa hayo yaliwafikia wote.

Anayenukuu chanzo kimoja pekee huenda akawapotosha wakulima wale wale anaonuia kuwafaa.

Cheo cha mwandishi si dhamana. Sharti mtafiti aulize data ilikusanywa wapi, lini na kwa njia gani, kwani takwimu za wilaya nzima zaweza kuficha hali ya Kivaa. Aidha, achunguze iwapo makala yalipitiwa na wataalamu, kwa kuwa yapo majarida yanayopokea ada na kuchapisha lolote.

Hazina ya African Journals Online, iliyoanzishwa 1998, ni mahali pema pa kuanzia, wala si pa kukomea.