KALEMIE: Kuondoa batri hakutengenezi bwate ya vitesi

Kila asubuhi kwenye parkingi za teksi za Kalemie, upande wa komuni ya Lac kama ule wa Lukuga, hakukosi kapo iliyo wazi na shofere aliyeinama na kle namba 10. Analegeza waya wa minus wa batri, anauweka pembeni, anaenda kunywa chai, kisha anarudi kuufunga. Ukimuuliza anafanya nini, atakujibu kwamba anasafisha akili ya gari. Jana ilikataa kuingia vitesi ya pili, au ilipiga teke wakati wa kutoka P kwenda D. Mtu amemwambia kompyuta ya injini ikisahau yote, vitesi zitaingia laini.

Hilo lingekuwa jambo la mafundi peke yao kama gari hiyo ingekuwa inabeba mawe. Inabeba watu. Inabeba wahami wa vita ya Nyunzu na Manono waliobaki pembeni ya mji tangu 2016 na 2017, na familia zilizofika kwa boti kutoka upande wa Uvira na Fizi mwaka 2025. Hao hawana gari ya pili ya kuchagua. Mama aliyekusanya franka za kumpeleka mtoto hospitali usiku hawezi kuuliza bwate ya vitesi iko na hali gani.

Tuseme ukweli: dawa hiyo haikutungwa bure. Gari nyingi za otomatike zinazotembea hapa, Toyota zilizotumika Japani na kupita Dar es Salaam, ziko na kompyuta inayojifunza. Inajifunza kiasi cha hewa na esanse, na mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama. Kwa modeli nyingi inajifunza pia presha ya mafuta ndani ya bwate na muda wa kubadilisha vitesi. Klachi za ndani zikianza kulika, inarekebisha kidogo kidogo, na shofere hasikii kitu. Siku mekanisie anapobadilisha mafuta au kuweka kipande kipya, kumbukumbu ya zamani hailingani tena na vyuma. Hapo kuifuta kunasaidia kweli. Gari inaanza upya na namba za kiwandani na kujifunza vyuma vilivyomo sasa.

Lakini parkingini mambo yamegeuzwa. Watu wanafuta kwanza, na wengine hawafiki kwenye kutengeneza. Taa ya injini kwenye tablo inazimika, mwenye gari anafurahi, fundi analipwa. Siku mbili tatu baadaye taa inawaka tena. Katikati hapo kodi iliyokuwa imeandikwa ndani imepotea, kwa mfano P0700, ile inayosema kompyuta ya bwate imeona tatizo. Ni kama kuchana fishi ya mgonjwa kabla daktari hajaisoma. Na kwa gari nyingine kumbukumbu ya bwate inakaa mahali pasipohitaji umeme wa batri: unafuta ya injini, ile ya vitesi inabaki vilevile, na inahitaji mashini yake ili ifutike.

Ugonjwa wenyewe, mara nyingi, ni mafuta. Noah au Carina yenye kijiti cha kupimia bwate haihitaji kompyuta yoyote ili iseme ukweli. Weka gari mahali tambarare, injini iwe ya moto na inaunguruma, pitisha mkono wa vitesi polepole kutoka P mpaka L na urudi P, kisha vuta kijiti, kipanguse, pima. Mafuta mekundu yasiyonuka ni mazima. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, klachi zinakwisha, na hakuna waya wa batri utakaozirudisha. Yakiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Mwaka 2024 ziwa lilipopanda na kuingia mitaani, gari ngapi zilipitishwa kwenye maji yaliyofika katikati ya magurudumu? Bwate iko na tundu lake la kupumulia. Ikiwa ya moto na ikazamishwa kwenye maji baridi, inaweza kuyavuta ndani.

Tena kuna mafuta ya kopo lisilo na jina, yanayouzwa kwa chupa ndogo, mekundu kweli, lakini ya aina gani? Bwate moja inataka T-IV, nyingine WS, na zile za mkanda, zinazoitwa CVT, ziko na mafuta yao kabisa. Ukichanganya, gari itapiga teke hata ukiondoa batri kila siku ya Mungu. Na Corolla na Carina nyingi za miaka ya mwanzo ya 1990 ziko na kebo inayotoka kwenye injini kuielekeza bwate wakati wa kubadilisha. Kebo ikilegea, vitesi zinaingia vibaya. Kompyuta haihusiki.

Wako pia wanaopeleka batri nyumbani jioni, kwa kuogopa wezi au ili watoto wapate mwanga na simu zipate moto. Mtu asiwalaumu, umeme wa Kalemie kila mtu anaujua. Ila wajue kwamba gari hiyo inaweza kuamka kila asubuhi bila kumbukumbu, halafu mwenyewe analalamika kwamba haitulii. Itatulia lini?

Mafundi watasema mashini ya kusoma kodi ni ghali. Ile kubwa, ndiyo. Lakini kuna kasomaji kadogo kanakochomekwa chini ya usukani na kuongea na simu, na mashofere watano wa parkingi moja wanaweza kukanunua kwa likelemba. Hakasomi gari zote, maana baadhi ya zile za zamani za Japani ziko na lugha yake. Kwa Toyota nyingi za namna hiyo wazee wa garaji wanajua njia: kwenye kisanduku kilicho chini ya kapo unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unafungua kontakti, kisha unahesabu taa ya O/D OFF inavyowaka na kuzima. Karatasi na kalamu vinatosha. Fundi anayechukua pesa kwa kulegeza waya bila kuandika kodi na bila kupima mafuta anauza kazi ambayo mwenye gari angeifanya mwenyewe bure.

Anayetaka kuifanya nyumbani aifanye, baada ya hayo mawili. Kontakti ifungwe, waya wa minus utangulie kutoka ili kle isigonge bodi na kutoa moto, asubiri nusu saa, kisha aurudishe na kuukaza vizuri. Injini iachwe iunguruma mpaka ipate moto, bila klimatizasio wala redio. Halafu gari itembezwe polepole, bila mzigo, ikipita vitesi zote mara nyingi. Siku za kwanza inaweza kushtuka au kuzimika kwenye kona. Bado inajifunza.

Kwa hiyo shofere aliyefunga batri saa moja asubuhi asipakie watu wa Moba saa mbili. Aende kwanza peke yake mpaka uwanja wa ndege na kurudi, kesho tena, na mgonjwa wa siku hiyo atafutiwe gari nyingine hata kama parkingi itapoteza zamu.