Sindano ya Gramafoni: Kila Ndege Huruka kwa Ubawa Wake



Juma hili tunaomba kutafakari nanyi jambo ambalo kwa wengine litaonekana dogo, nalo ni namna ya kuchagua sindano mpya kwa gramafoni ya zamani. Sebuleni mwetu ipo mashine aina ya Garrard SP25, iliyotengenezwa Uingereza katika miaka ya 1960, tuliyoirithi kwa mzee wetu pamoja na kasha la santuri. Sahani yake ingali yazunguka vema. Kilichokufa ni kile kichwa kinachoshika sindano, ambacho mafundi hukiita katriji.

Tulipotafuta ushauri, tuliambiwa tununue iliyo bora kabisa kadiri ya uwezo wetu. Tukatii, tukapata hasara. Tangu hapo tumeshawishika kwamba swali la kwanza si katriji ipi iliyo bora, bali ni ipi inayoufaa mkono huu na santuri hizi. Wahenga walinena kwamba kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Tutazame kwanza mkono. Sindano hukaa kwenye kijiti chembamba, na vijiti hivyo havilingani: kimoja ni laini na chepesi kunepa, kingine ni kigumu. Uzito wa mkono na ulaini wa kijiti huzaa kwa pamoja mtikisiko wa asili, ambao wataalamu hupenda uwe kati ya hezi 8 na 12, yaani chini ya muziki, lakini juu ya mawimbi ya santuri iliyopinda. Mikono ya zamani aghalabu ni mizito, hivyo huhitaji kijiti kigumu kiasi. Katriji yetu ya gharama ilikuwa na kijiti laini mno. Kila ilipokuta santuri iliyopinda kidogo, iliyumba kama mtumbwi katika mawimbi.

Pili, tutazame njia ya sauti. Gramafoni nyingi za enzi zile zilikuja na katriji ya kauri, yenye nguvu ya kutosha kuunganishwa moja kwa moja na redio. Katriji ya sumaku hutoa milivolti chache tu, kama 4 au 5. Zaidi ya hayo, santuri huchongwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti nyembamba zikiwa zimeongezwa, kwa kanuni iliyokubaliwa na watengenezaji tangu 1954. Ni lazima basi pawepo amplifaya ndogo ya gramafoni ya kurudisha mizani hiyo. Asiyejua hili hubadilisha kauri kwa sumaku, akasikia sauti hafifu isiyo na besi, kisha akailaumu katriji. Nasi tulifanya hivyo.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, tuzitazame santuri zenyewe. Siti binti Saad aliposafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, zilitolewa katika santuri za mizunguko 78 kwa dakika. Mifuo yake ni mipana. Ncha inayoifaa ina nusu kipenyo cha mikromita 65 hadi 75, ilhali santuri za plastiki za mizunguko 33 na 45 hutaka ncha ya mikromita 18 hivi. Ncha ndogo ikiwekwa katika mfuo mpana hukokota chini kabisa, penye vumbi na mikwaruzo. Ncha pana juu ya mfuo mwembamba huukwangua.

Katika kasha letu imo santuri ndogo ya miaka ya 1970, wimbo ambao mzee aliucheza siku ya arusi yake. Hatujaona nakala yake mahali pengine. Kwa papara yetu tuliipiga kwa ile sindano kuukuu iliyochakaa, na leo, pale mwimbaji anapopandisha sauti, husikika mkwaruzo ambao haukuwapo. Mashine hutengenezwa, mfuo uliokwanguliwa hauoti tena. Mzee mwenyewe alisikiliza akanyamaza, nasi hatukuwa na la kumwambia.

Yamkini mtu atasema kwamba siku hizi nyimbo zote zapatikana katika intaneti. Si zote. Na hata anayetaka kuzinakili za kwake atahitaji kwanza sindano iliyo sahihi, kwa kuwa nakala huchukua pia kila kosa la sindano.

Sisi hatimaye tulichagua katriji ya sumaku ya bei ya kadiri, ya familia ya VM95 ya Audio-Technica, iliyotoka mwaka 2018. Sababu yetu si jina. Kiwiliwili chake ni kimoja na sindano zake hubadilishwa kwa mkono, ikiwamo moja ya santuri za mizunguko 78. Kwa sindano ya kawaida tuliweka mgandamizo wa gramu 2 kama mtengenezaji anavyoagiza, tukaupima kwa mizani ndogo. Wengi hudhani kupunguza uzito ni kuihurumia santuri. Kumbe sindano nyepesi mno hurukaruka ndani ya mfuo na kuuharibu kuliko iliyotulia.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Basi kabla hujafungua mkoba wako, ndugu msomaji, fungua kwanza kasha la santuri zako, uone ni zipi ulizo nazo, kisha uutazame mkono utakaozigusa. Nasi tutauweka tena ule wimbo wa mzee, pamoja na mkwaruzo wake, Jumapili hii baada ya chakula. Ameuomba mwenyewe.

Tuonane juma lijalo.