Tusingoje Ndalambo igeuke mahame

Kijana wa Ndalambo, wilayani Momba, anayetafuta hela ya haraka haulizi njia; anapanda gari la Tunduma, mji wa mpakani na Zambia. Huko kuna malori ya Zambia na Kongo, magunia ya kubeba, kwacha za kubadilisha na bodaboda ya kuendesha kwa hesabu ya siku. Sensa ya 2012 iliukuta mji huo haujafikisha watu 100,000. Ya 2022 ikakuta wamepita 200,000. Mikono hiyo haikuota mpakani. Mingi imeacha jembe kijijini.

Hatumlaumu kijana. Babu zake nao walikwenda migodi ya shaba ya Zambia na machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya. Lakini asiyeamini kwamba kijiji huweza kwisha aitazame Albania: watu milioni 2.8 mwaka 2011, milioni 2.4 mwaka 2023. Vijana wako Italia, Ugiriki na Ujerumani. Vijiji vya milimani vimeachiwa wazee. Sisi tuko mbali na hapo, kwani sensa ya 2022 ilituhesabu milioni 61.7. Hata hivyo, wingi wa Watanzania haumlimii bibi wa miaka 70 ekari zake mbili za mahindi.

Lawama yetu ni kwa wenye dhamana, na ina mambo matatu.

La kwanza ni ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, shamba lisilotumiwa kwa miaka 5 laweza kuhesabiwa limetelekezwa. Kijana anayebeba magunia Tunduma halijui hilo, na mzee anayemlindia shamba mara nyingi hana karatasi yoyote mkononi. Hatimiliki za kimila zilifanyiwa majaribio Mbozi, wilaya iliyoizaa Momba mwaka 2012. Eneo lililowafundisha wengine halina kisingizio cha kuwaacha wazee wake bila hati.

La pili ni mikopo. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kati ya hizo zikiwa za vijana. Fedha hiyo inunue mashine ya kukamua alizeti kijijini. Ikinunua bodaboda nyingine ya kwenda kugombea abiria Tunduma, halmashauri itakuwa imemlipia kijana nauli ya kuhama.

La tatu ni barabara. Masika yakikata njia, mwenye fuso ndiye mpanga bei, na mkulima hujaza lumbesa huku akijua anaibiwa. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ipo tangu 2017 kwa kazi hii hasa. Kalavati lijengwe kabla ya mvua. Ahadi zinazotolewa baada ya mafuriko hazivushi gunia.

Kijiji hakifi siku vijana wanapoondoka. Hufa siku wanapotaka kurudi wakakuta shamba lina mwenyewe mwingine na njia haipitiki.

Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji kila baada ya miezi mitatu. Mwenyekiti auitishe, na ajenda ya kwanza iwe moja tu: mashamba mangapi msimu huu hayakulimwa, na ni ya nani. Orodha hiyo apewe diwani, naye aisome kwa sauti mbele ya baraza la madiwani.